Kipago cha sita

Babu yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa chuo kule Mtambwe, na daftari lake moja limebaki kwangu. Jalada limeliwa na mende. Ndani ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: dua za mvua, majina ya watoto waliokhitimu, deni la mchele la mtu fulani ambalo naamini halikulipwa mpaka leo. Na ukurasa mmoja una namba kumi na moja tu: 2, 5, 7, 10, 13, 16, 18, 21, 24, 26, 29. Juu yake kaandika neno moja: kabisa.

Nikiwa mdogo nilidhani babu anatilia mkazo. Kabisa! Kumbe ni Kiarabu chenyewe. Mwaka wa kabisa ni ule unaoongezwa siku moja, Mfunguo Tatu ikaenda siku 30 badala ya 29, na mwaka ukawa wa siku 355 badala ya 354. Katika kila miaka 30, miaka 11 ni kabisa. Chukua mwaka 1447: ukiondoa 1440, unabaki 7, na 7 imo kwenye orodha ya babu.

Hii ni kalenda ya hesabu, jamani, msije mkanipigia simu. Kufunga na kufungua ni kwa kuuona mwezi, na ugomvi wa umeonekana wapi na nani kauona tuuache huko huko barazani.

Mie nafundisha hesabu skuli ya sekondari hapa Wete. Kilichonisumbua miaka yote ni kwa nini 11 kwa 30. Kwa nini si 10 kwa 27, au 4 kwa 11? Mwezi mmoja, kutoka kuandama mpaka kuandama, kwa wastani ni siku 29.530588. Zidisha kwa 12 upate 354.367056. Siku 354 tunazo. Kilichozidi, 0.367056, ndicho kinachotafutiwa miaka ya kabisa, na swali ni sehemu gani nyepesi inakikaribia.

Kuna njia ya kale ya kulijibu, nayo ndiyo iliyonitia katika haya yote. Chukua 0.367056 uipindue, yaani 1 gawa kwa hiyo. Unapata 2.72438. Weka 2 pembeni, chukua mabaki 0.72438, pindua tena: 1.38049. Weka 1, chukua mabaki, pindua. Endelea hivyo hivyo. Namba unazoweka pembeni zinakuwa kama vipago vya ngazi, na sehemu yako inakuwa sehemu ndani ya sehemu ndani ya sehemu:

1/(2 + 1/(1 + 1/(2 + 1/(1 + 1/(1 + 1/(1 + …))))))

Ukikatia ngazi kwenye kipago cha kwanza unapata 1/2. Cha pili, 1/3. Cha tatu, 3/8, na mzunguko wa miaka 8 wenye kabisa 3 uliwahi kutumika kwa Waturuki. Halafu 4/11, halafu 7/19. Kipago cha sita: 11/30. Siku niliyoifanya kwa penseli nilikaa kimya nikalitazama daftari la babu kwa muda. Kosa la 11/30 linafika siku moja baada ya miaka kama 2,500.

Nikajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, taratibu, kwenye laptopu ya mkono wa pili isiyoweza kukaa nusu saa bila waya. Programu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa hiyo ya vipago: unaipa namba, inakupa ngazi yake. Usiku mmoja nikaitia namba ya mwezi, ikatoa 2, 1, 2, 1, 1 na kuendelea. Nikaitia namba e, ile 2.71828, kwa mchezo tu. Ikatoa 2, 1, 2, 1, 1…

Wanaoijua e wanajua kwamba haitokei ovyo. Ni namba ya vitu vinavyokua kwa kadiri ya ukubwa wao. Vitabu vingi huielezea kwa riba ya benki inayozaa juu ya riba, lakini darasani kwangu ukitaja riba tu kipindi kimekwisha kwa halali na haramu, kwa hiyo mie hutumia bakteria kwenye maziwa yaliyosahauliwa. Sasa namba hiyo ndiyo naiona imo ndani ya mwezi! Pindua e upate 0.367879, na mwezi ni 0.367056. Umeme ulikatika wakati ule ule, na nakiri niliona ni ishara.

Gizani nikamwandikia rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu, siku hizi anafundisha Unguja. "Shehe, mwezi una e ndani!"

Jibu likaja baada ya dakika mbili. "Toa kipago cha sita."

"Umeme hakuna."

"Toa kwa mkono."

Nikatoa kwa mkono, kwa tochi ya simu. Mwezi: 1. Namba e: 4. Ngazi mbili zilizokwenda bega kwa bega vipago vitano, kwenye cha sita kila moja ikashika njia yake. Kama mwezi ungekuwa e kweli, babu angeandika miaka 32 ya kabisa kwa kila miaka 87. Akanitumia picha ya mtu anayecheka mpaka anatoa machozi, na mpaka leo nikimwambia habari yoyote, hata ya kuoza mtoto, ananiuliza, "Na kipago cha sita?"

Aibu ile ilinifaa, maana miezi kadhaa baadaye nilikutana na habari ya mashine inayofanya kazi ile ile niliyoifanya mie usiku ule, kulinganisha namba na kupiga kelele zikifanana, na wao wakachapishwa na jarida la Nature, Februari 2021. Walioitengeneza ni watafiti wa Technion, chuo cha teknolojia cha Haifa, Israel. Wameiita Mashine ya Ramanujan.

Jina hilo si la bure. Srinivasa Ramanujan alikuwa karani katika ofisi za bandari ya Madras, India. Ukitaka kumpata akilini, mfikirie yule kijana anayejaza fomu za mizigo pale Mkoani, kisha akifika nyumbani anajaza madaftari kanuni ambazo hakuna mtu duniani ameziona. Januari 1913 alimwandikia barua mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge, barua imejaa kanuni bila uthibitisho, na miongoni mwake zimo hizi sehemu za ngazi. Hardy alizitazama, na nyingine hakujua hata pa kuzianzia. Ramanujan alifariki 1920, miaka 32 tu. Alikuwa anaziona kwanza, uthibitisho unakuja baadaye, au hauji, au unakuja kwa mtu mwingine.

Mashine nayo inaziona kwanza, ila haina ndoto wala kipaji. Ina subira tu. Namna yake ya kufanya kazi ukiifikiria kwa ndara za msikitini utaielewa mara moja. Ijumaa watu wanatoka, ndara mia tatu mlangoni, wewe unatafuta ya pili ya mguu wako. Huokoti kila ndara ukaikagua. Kwanza macho yanapita kwa rangi na ukubwa, haraka haraka, na zinabaki tatu au nne. Hizo ndizo unazoinamia: ukanda ulioshonwa, kisigino kilicholika. Mashine inatengeneza meza kubwa ya upande mmoja, yenye e au pai iliyochanganywa na namba ndogo ndogo kwa kujumlisha na kugawanya, kila moja na tarakimu zake chache. Upande wa pili inatengeneza ngazi nyingi mno, vipago vyake vikienda kwa mpango mwepesi. Kisha inatafuta tarakimu zilizofanana. Nyingi ni ndara za watu wengine. Zile chache zinazobaki inazipiga hesabu upya kwa tarakimu nyingi zaidi, na zikikubali mpaka mwisho, inatoa kanuni.

Hapo ndipo nilipokosea mie. Mwezi na e zimekubaliana 0.367, tarakimu tatu. Katika namba elfu moja za ovyo, moja itakukubali tarakimu tatu bila undugu wowote. Ukijaribu mara milioni, utaletewa ya tarakimu sita, tena itakuja na kanzu na kilemba. Kwa hiyo idadi ya tarakimu lazima izidi kwa mbali idadi ya majaribio uliyofanya, la sivyo unajidanganya. Na kwangu kulikuwa na ushahidi mwingine ambao ningeutazama ningepona: ile namba ya mwezi imepimwa, haikufafanuliwa. Tarakimu zake huwezi kuziongeza bila mwisho kama za e.

Lakini hata tarakimu elfu moja zikikubali, si uthibitisho. Hili ndilo ninalolipenda katika jambo lote hili. Kwenye mwandamo, wanajimu wanakupigia hesabu mwezi uko wapi mpaka dakika, na sie tunasema haya, nani kauona kwa macho? Kwenye hesabu ni kinyume chake. Mashine imeuona mwezi kwa macho, imeshuhudia tarakimu baada ya tarakimu, na wanahisabati wanaiambia: tumekusikia, tusubiri hesabu.

Mojawapo ya kanuni zake za mwanzo ni hii:

e/(e − 2) = 4 − 1/(5 − 2/(6 − 3/(7 − 4/(8 − …))))

Niliiandika ubaoni kidato cha sita, wanafunzi kumi na wanne, kalkuleta saba. Kikatie kipago cha kwanza: 4. Cha pili: 4 toa moja ya tano, 3.8. Cha tatu: 3.7857. Cha nne: 3.7845. Cha tano: 3.7844. Na e/(e − 2) ni 3.784422. Darasa likatoa ile sauti ya watu waliomwona mchezaji anapiga chenga. Hawa ni watoto waliozoea kuambiwa e ni 2.718 andikeni, halafu hapa inatokea kwa 4, 5, 6, 7 na 1, 2, 3, 4. Namba za kuhesabia maembe.

Ya pai nayo wanaijua wachache: 4/(3π − 8) = 3 − 1×1/(6 − 2×3/(9 − 3×5/(12 − 4×7/…))). Nani aliyekaa akawaza kuitafuta 3π − 8? Hakuna. Hiyo ndiyo faida ya kitu kisichochoka wala kuona haya.

Wapo wanahisabati waliokunja uso, na nawaelewa. Walisema nyingi ya kanuni hizi zinatoka kwenye nadharia zilizojulikana tangu enzi za Euler na Gauss, na kelele zimezidi uzito. Kweli kadhaa zilithibitishwa upesi, jambo linaloonyesha zilikuwa karibu na njia. Lakini ukiniuliza mie, hoja ya mashine iko kwenye zile namba ambazo bado hatujui habari zao. Mwaka 1978 Mfaransa Roger Apéry alisimama Marseille akadai kwamba ukijumlisha 1 + 1/8 + 1/27 + 1/64 na kuendelea na vipeo vya tatu, jibu haliwezi kuandikwa kama namba nzima juu ya namba nzima. Waliomsikiliza wengi hawakumwamini. Ngazi inayotokana na kazi yake inaanza hivi: 6/(5 − 1/(117 − 64/(535 − …))). Vipago vitatu tu, nawe una 1.202057, sahihi mpaka tarakimu ya mwisho uliyoiona. Ngazi inayokimbia hivyo ndiyo silaha ya uthibitisho wa aina hii. Pai nayo ilithibitishwa kuwa haiandikiki hivyo kwa njia ya ngazi, na mwanahisabati Lambert, karne ya 18. Na namba ya Catalan, 0.915965, ambayo ni 1 − 1/9 + 1/25 − 1/49 na kuendelea, mpaka leo hakuna aliyethibitisha kama nayo ni ya aina hiyo. Huenda ngazi yake inayokimbia vya kutosha ipo mahali imelala, na mtu hataiota.

Sasa turudi Wete.

Siku mbili baada ya somo lile, msichana mmoja alinisubiri nje ya chumba cha walimu. Vidole vyake vyeusi, na daftari linanuka karafuu, maana kwao usiku walikuwa wanachambua. Alikuwa amefanya jambo ambalo mie sikulifikiria: kabadilisha alama zote za kutoa kuwa za kujumlisha.

4 + 1/(5 + 2/(6 + 3/(7 + 4/(8 + …))))

"Inatulia 4.188238," akasema. "Maalim, hii ni namba gani?"

Nikamwambia ntaitazama. Usiku nikaifanya laptopu mashine ndogo ya Ramanujan. Meza yangu ilikuwa na e juu na e chini, kila namba ya kuzidishia ikitoka −10 mpaka 10. Haikutoa kitu. Nilitaka kupanua mpaka 100, nikapiga hesabu: ni michanganyo zaidi ya bilioni moja na nusu, laptopu ingeungua kabla ya alfajiri. Nikaibana: juu iwe 1 tu, chini a + b·e, kutoka −100 mpaka 100. Hiyo ni michanganyo 40,401, mzigo wa mtoto. Nikaweka tarakimu 30 na si chini ya hapo, nishaumwa na nyoka.

Ikaja moja peke yake: 1/(24e − 65).

Sikupiga kelele. Nilikwenda kunywa maji, nikarudi, nikaongeza tarakimu mpaka 100. Imekubali. Ndipo nikamwandikia rafiki yangu wa Unguja, kwa adabu, na tarakimu zote mia. Akakaa kimya muda mrefu, kisha: "Uthibitisho?"

Asubuhi nikampa yule msichana jibu lake, na kwa kuwa programu ilikuwa tayari nilikuwa nimeijaribu pia kwa ngazi zinazoanza na namba nyingine. Ukianza na 1 badala ya 4, yaani 1 + 1/(2 + 2/(3 + …)), unapata 1/(e − 2). Ukianza na 2, 1/(2e − 5). Ukianza na 3, 1/(6e − 16). Ukianza na 4, yake yeye.

Akaziandika kwa kushuka, moja chini ya nyingine. "Hizi za e ni faktoria," akasema mara moja. 1, 2, 6, 24, yaani 1, 1×2, 1×2×3, 1×2×3×4. Naam, hilo nililiona na mie. Lakini 2, 5, 16, 65 nilikuwa nimezitazama tangu usiku bila kuniambia neno. Kengele ikalia, akaenda darasani. Kipindi cha tatu napita koridoni, akatoa kichwa dirishani bila hata kuomba ruhusa:

"65 ni 4 mara 16, jumlisha 1!"

Nikasimama. 16 ni 3 mara 5, jumlisha 1. Na 5 ni 2 mara 2, jumlisha 1. Mwalimu wa Baiolojia akanitazama nikihesabu kwa vidole mbele ya darasa lake. Basi ikianza na 5, faktoria ni 120 na mwenzake ni 5 mara 65 jumlisha 1, yaani 326. Kalkuleta: 1 gawa kwa (120e − 326), 5.15944. Ngazi yenyewe tukaipanda wakati wa mapumziko, kipago kwa kipago: 5.15944. Programu yangu isingeifikia hiyo, 326 iko nje ya meza.

Uthibitisho nimeupata nusu. Eneo lililo chini ya e kwa kipeo x, ikizidishwa na (1 − x) kwa kipeo cha nne, kutoka 0 mpaka 1, ni 24e − 65 barabara, na kila ukipandisha kipeo kimoja, lile "zidisha, ongeza 1" linatoka lenyewe. Iliyobaki ni kuliunganisha hilo na ngazi, na karatasi zimejaa meza ya chakula, mke wangu anakula kwa kuzihamisha.

Yule msichana kabla ya kuondoka aliuliza, "Na tukianza na 0?" Nikamwambia kanuni yake mwenyewe inamwambia 1/(e − 1), aende akaipande. Saa nne usiku ukaja ujumbe kwa simu ya mama yake, bila salamu: "0.58198. Nimefika kipago cha kumi na mbili."